Hewa Nzito ya Gakindu

Vijana mtakaosoma haya, kaeni wima kwanza. Siandikii mtu anayesoma akiwa amelala. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne nikaachia hapo, kwa hivyo msinitafutie maneno ya madaktari. Nitasema kilichotokea vile kilivyotokea, na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Juzi nilikuwa kanisani na akina mama wenzangu, siku yetu ya kusafisha. Mmoja akafungua mkebe wa ile dawa ya kung'arisha shaba, akaanza kusugua sahani za sadaka. Harufu yake ikanishika kooni. Ni harufu kali, kama mafuta ya taa yaliyochanganywa na vumbi la chaki. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Wenzangu wakanifuata na kikombe cha maji, wakidhani presha imepanda. Niliwaambia waniache. Nilikuwa na miaka saba tena, niko Naro Moru, na baba yangu anasugua mashine yake ya kupima hewa.

Baba alitunza kituo kidogo cha hali ya hewa nje ya mji, upande wa mlima. Uhuru ulikuwa umekuja si zamani. Mzungu aliyekuwa na kazi hiyo alirudi kwao, na baba, ambaye alikuwa akimshikia funguo, akabaki na funguo pamoja na kazi. Kulikuwa na uwanja wa nyasi uliozungushiwa waya, sanduku jeupe lililosimama kwa miguu minne, kuta zake mbao zilizopangwa kama mbavu ili upepo upite, na mkebe wa kukinga mvua. Halafu kulikuwa na chumba kimoja cha mawe. Ndani yake meza, simu, daftari, na ukutani baromita. Ilikuwa duara, ya shaba, upana wa sufuria ya ugali wa watu wawili, na nyuma ya kioo chake kulikuwa na sindano moja nyeusi. Kila saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri baba aligonga kile kioo kwa ukucha, mara mbili, taratibu, kama mtu anayebisha kwa mgonjwa. Sindano ilishtuka kidogo ikatulia. Hapo alisoma, akaandika, akapiga simu Nairobi kuwasomea namba kwa ile sauti yake ya Jumapili.

"Baba, inapima nini?" nilimuuliza siku moja.

"Uzito wa hewa, maitu." Aliniita maitu, yaani mama, kwa sababu mimi nimepewa jina la mama yake, na kwetu baba humheshimu binti wa namna hiyo hata kama ana kamasi. "Hewa iko na uzito. Imetukalia wote kichwani. Hatuisikii kwa sababu tumezaliwa chini yake."

Nilijishika kichwa nikakuta nywele tu. Lakini baba hakuwa mtu wa mzaha, kwa hivyo nilikubali.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Nilikuwa nimeona kwamba sindano ikishuka, baba anasema mvua inakuja, na mvua inakuja. Ikipanda, anasema kutaanuka, na mlima unavua mawingu. Kwa akili yangu, sindano ndiyo iliyokuwa ikiamrisha na hewa ikitii. Baba ndiye aliyepewa kazi ya kuibembeleza kwa ukucha. Niliona hiyo ni kazi kubwa kuliko ya chifu.

Mama alikuwa na kifua. Baridi ya Naro Moru mnaijua, ile ya alfajiri inayouma meno. Aliamka kukamua ng'ombe wetu mmoja wakati nyota ya asubuhi iko juu ya bega la mlima, kubwa, nyeupe, kama mtu ameshikilia taa huko. Mimi nilimshikia mkebe. "Hiyo ni nyota ya kukamua," alizoea kusema, kisha anakohoa, anaegemea ubavu wa ng'ombe mpaka kikohozi kiishe. Ng'ombe naye alikuwa amejifunza kusimama.

Kikohozi kilipozidi, wakubwa walikubaliana ashuke Gakindu, nyumbani kwetu hasa, akakae na cucu, mama ya baba, huko kwenye kahawa ambako hakuna barafu kwenye nyasi. Alikuwa ameenda hivyo mwaka uliotangulia, akakaa mwezi. Kila wiki alikuwa akinitumia nduma, yaani magimbi, kwa dereva wa lori la viazi, zimefungwa kwa majani makavu ya mgomba, na ndani ya fundo kuna kitu kidogo changu: utepe, peremende, siku moja kifungo chekundu. Safari hii baba alimbeba mwenyewe mpaka kwenye lori, amefungwa blanketi kama mtoto.

"Nikifika nitakutumia nduma," aliniambia kupitia dirisha. "Na usimpe baba yako zote."

Siku mbili baadaye simu ililia saa ambayo haikuzoea kulia. Baba aliisikiliza akiwa amesimama. Alisema ndiyo mara tatu. Akatoka nje nilikokuwa nachezea mawe, akasimama akiangalia mlima, siyo mimi.

"Mama amefika," alisema.

"Amefika vizuri?"

"Amefika."

Nyinyi mmeshaelewa, kwa sababu ni wakubwa. Mama alikuwa amefia hospitalini mjini Nyeri, kabla hajaona Gakindu. Mimi sikuambiwa. Siku hizo kwetu mtoto hakuambiwa kifo. Wakubwa waliogopa hata kulitamka neno lenyewe mbele yake, kama vile litamwambukiza. Waliliweka juu, pale wanapoweka dawa ya kuogeshea ng'ombe, na wakaamini kwamba wamemlinda.

Baba aliondoka siku nne. Aliniacha kwa jirani, Tata Wangari, tata yaani shangazi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mume wake, Kariuki, alikuwa mpagazi. Alibebea wageni mizigo kwenda juu mlimani na kurudi. Baba aliporudi, kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kikabaki kama yai.

"Baba, nywele ziko wapi?"

"Gakindu kuna joto, maitu."

Nikaamini. Kunyoa ndiko kulikuwa kuomboleza kwa watu wetu, lakini mimi nilichoona ni mtu ametoka mahali pa joto. Tena nikamwonea wivu, kwa sababu alikuwa amekaa na mama siku nne na mimi sikwenda.

Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Baba alipika, nikala, akaosha, tukalala. Tata Wangari alileta maziwa ya mgando, akaniangalia, akageuka haraka kama mtu aliyesahau moto jikoni. Na Wambui, binti yake, ambaye tangu nizaliwe alikuwa akiniita Meno ya Sungura, aliacha. Tukiruka kamba, alinipa zamu yake. Nilimwambia, "Niite basi." Akaangalia miguu yake. Sijui alikuwa amesikia wapi. Najua tu kwamba mtoto anayeacha kutaniwa ghafla anaanza kuogopa, na hajui anaogopa nini.

Kila Ijumaa nilikwenda barabarani kungoja lori. Dereva alikuwa akisimamisha, anashuka, anainama.

"Leo hakuna mzigo, mami."

"Hata salamu?"

"Hata salamu." Ananipa ndizi yake mwenyewe, anapanda, anaondoka bila kupiga honi. Zamani alikuwa akipiga honi mpaka kuku wanaruka.

Jioni moja Kariuki na mke wake walikuja kwetu kusikiliza habari, kwa sababu redio yao ilikuwa imekufa betri. Mtangazaji alisema Warusi wametuma chombo kwenda Zuhura. Baba akatufasiria: hiyo ni nyota ya asubuhi.

"Ile ya kukamua?" niliuliza.

Baba aliongeza sauti ya redio.

Mtangazaji alisema chombo hicho kilikuwa kimefunguliwa mwavuli, kikashuka polepole katika hewa ya ile nyota muda wa kama saa moja na nusu. Kilipokuwa kikishuka kilipima joto na mgandamizo wa hewa, kila kipimo kikirushwa huku duniani. Hewa ilizidi kuwa nzito: mara mbili ya hewa yetu, mara tano, mara kumi, mara kumi na tano, na bado ikizidi. Kisha kikanyamaza. Wataalamu waliamini kwamba kimefika chini.

"Sasa huyo ni mwenzako wa kazi," Kariuki alimwambia baba. "Naye anagonga kioo, anapiga simu."

"Hakuna mtu ndani," baba akasema. "Ni mashine peke yake."

"Peke yake? Masikini! Hata mimi nikipanda, mzungu huwa ananipa sigara."

"Ati hewa mara kumi na tano," Tata Wangari akasema. "Si inafinya kila kitu kama ndizi?"

"Wewe unacheka. Uliza mimi ninayebeba." Kariuki alivuta kigoda mbele. Alikuwa anapenda kuulizwa. "Kule juu kwa mawe hewa iko nyepesi, unavuta unavuta hupati kitu. Ukishuka, inaanza kukujia. Hapa masikio inaziba, pu! Kila ukishuka inaongezeka. Ukifika Naro Moru umepata hewa ya binadamu."

"Na mtu akishuka zaidi?" niliuliza. "Akishuka mpaka Gakindu?"

"Gakindu?" Alicheka. "Huko chini hewa iko nzito kama uji wa wimbi! Unaikata na kisu."

Tata Wangari alimpiga teke chini ya meza, niliona. Kariuki akameza kicheko. Baba aliinuka akaenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Mimi nilibaki nimekaa. Nilikuwa nimepata jibu nililokuwa nalitafuta barabarani kila Ijumaa. Mama alikuwa ameshushwa mahali ambako hewa ni nzito. Kifua chake ni kibovu. Alikuwa ananitumia vitu, sasa amenyamaza. Ile mashine ya Warusi nayo ilikuwa inatuma, inatuma, inatuma, hewa ikaifinya, ikanyamaza. Na baba yangu mwenyewe, mwenye funguo za kuamrisha hewa, hakuwa amefikiria jambo hilo.

Kwa hivyo nililifikiria mimi.

Nyuma ya baromita kulikuwa na tundu, na ndani ya tundu skrubu ndogo. Nilikuwa nimewahi kumwona baba akiizungusha kidogo sana, siku moja alipoambiwa na Nairobi airekebishe. Bisibisi ilikuwa kwenye droo. Kila asubuhi baba alinipeleka kazini kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu, na kila asubuhi, kabla ya saa tatu, alitoka kwenda kupima mkebe wa mvua. Nilipanda kiti, nikaibandua baromita kidogo ukutani, nikazungusha upande wa kushoto, kiasi cha upana wa punje ya mtama. Sindano ikashuka. Nilishuka kwenye kiti nikavuta pumzi kwa niaba ya mama. Wallahi nilisikia imekuwa rahisi.

Nilifanya hivyo siku tisa. Sikuthubutu kuizungusha sana, nikiogopa itavunjika na hewa iishe kabisa, tufe sote.

Baba aligonga kioo, akasoma, akakunja uso. Akagonga tena. Akatoka nje kuangalia mlima, ambao ulikuwa mweupe bila wingu hata moja. Akaandika alichoona, kwa sababu aliandika alichoona siku zote. Siku ya sita nilisikia sauti ya Nairobi ikitoka kwenye simu mpaka nilipokaa.

"Naro Moru, hapo kwenu kuna kimbunga?"

"Hapana, bwana. Kuna jua."

"Basi soma tena. Na uoshe macho."

Siku ya kumi alikuja inspekta kutoka Nyeri, mwanamume mrefu mwenye soksi mpaka magotini, amebeba baromita yake ndani ya sanduku la mbao kama mtu aliyebeba mayai. Aliiweka mezani kando ya yetu. Akangoja. Akagonga moja, akagonga nyingine. Akaibandua yetu, akaigeuza, akatazama skrubu kwa muda mrefu. Ilikuwa imekwaruzwa kotekote.

"Mzee, hii imechezewa."

"Sijaigusa, bwana."

"Funguo unazo wewe peke yako. Ama unakunywa siku hizi? Sema tu. Tumekuvumilia kwa sababu ya yaliyokupata, lakini Nairobi wanazitupa namba zetu. Hawawezi kutumia hata moja." Alinyoosha mkono. "Nipe funguo."

Baba hakubishana. Aliingiza mkono mfukoni. Nyumba tuliyolala ilikuwa ya kituo, ng'ombe alikula nyasi za kituo. Hata mimi nilijua. Nikaona ule mkono wake, na ukucha ule wa kugongea, unatoka na funguo.

"Ni mimi," nilisema.

Inspekta aliangalia huku na huku kabla ya kuangalia chini. "Wewe umefanya nini?"

"Nimepunguza hewa."

"Umepunguza nini?"

"Hewa. Mama yuko Gakindu. Huko hewa ni nzito na kifua chake ni kibovu. Inamfinya, ndiyo maana hatumi nduma. Hata ile mashine ya Warusi ilinyamaza hivyo."

Inspekta alivua kofia. Aliiweka mezani kati ya zile baromita mbili. Alimwangalia baba, na hasira yote ilikuwa imemtoka.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu mtoto hajaambiwa?"

Baba alikuwa bado amenyoosha funguo.

"Rudisha hizo mfukoni. Nenda naye nje. Mimi siandiki kitu mpaka urudi."

Tulisimama kando ya sanduku jeupe. Kulikuwa na upepo, na ulikuwa unapita kwenye zile mbavu zake ukilia kidogo. Baba alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, fupi kama za mswaki.

"Maitu, mama yako hakufika Gakindu."

"Ulisema amefika."

"Nilisema."

"Sasa yuko wapi?"

"Alikufa. Alifia Nyeri, siku ile ya simu. Tukamzika nyumbani, karibu na kahawa ya cucu."

Nilifikiri. Nataka mjue kwamba sikulia kwanza, nilifikiri.

"Nilizungusha polepole sana," nilisema. "Niliogopa kuivunja. Ningezungusha haraka…"

Hapo baba alikaa chini kabisa kwenye nyasi, mwanamume mzima mwenye kaptura ya serikali, akanivuta akanibana kifuani mpaka nikasikia vifungo vyake. "Hukuchelewa," alikuwa anasema. "Hukuchelewa, maitu. Alikuwa ameshakufa. Hukuchelewa." Ndipo nikalia, na yeye akalia, na inspekta wa Nyeri akafunga mlango wa chumba kwa ndani ili asituone.

Kazi haikupotea. Yule mtu alirekebisha skrubu, akaandika alichoandika, akanywa chai yetu isiyo na sukari ya kutosha akaenda. Lakini tangu siku hiyo sikuruhusiwa kuingia kile chumba. Nilikuwa nangoja nje kwenye nyasi, nikisikia ukucha ukigonga kioo mara mbili. Wambui alichukua mwezi mzima kabla ya kuniita Meno ya Sungura. Aliponiita, nilimkimbiza mpaka mtoni, na sijawahi kumshukuru, ingawa ningepaswa.

Miaka kama miwili ikapita. Nilikuwa karibu kuacha shule. Redio ikasema wataalamu wamehesabu upya habari za kile chombo cha kwanza, na wameona kwamba hakikufika chini. Kilinyamaza kikiwa bado juu sana, kinashuka, hewa imekizidi. Kumbe walisikia kimya wakadhani ni kufika. Baba alikuwa anatia mpini kwenye jembe. Aliinua kichwa.

"Walidhani imefika," alisema.

"Nimesikia, baba."

Akarudi kwenye mpini wake. Yeye ndiye mtu niliyempenda kuliko wote, na sikumhukumu, wala sitaki mmoja wenu amhukumu. Alifanya walivyofanya watu wote wa rika lake. Lakini hesabuni wenyewe: wiki tano, kila mtu niliyekutana naye alikuwa anaomboleza, dereva, jirani, hata mtoto wa kuruka kamba, na mimi peke yangu katikati yao nilikuwa napigania maisha ya mtu aliyezikwa. Nimefiwa na wengi tangu hapo. Nimekaa kwenye nyumba tupu, nimelala upande mmoja wa kitanda kipana. Upweke kama ule sijaurudia.

Mume wangu alipofariki, miaka kadhaa iliyopita, simu ilitoka hospitalini watu wakiwa wamejaa kwangu. Wajukuu watano walikuwa nje, wanafukuzana kwenye mahindi. Binti yangu mkubwa alifuta macho, akafunga dirisha, akaanza kuwapanga wenzake: watoto wapelekwe kwa shangazi yao kule Endarasha, waambiwe guka, babu yao, bado anatibiwa, watajua wakishakuwa wakubwa. Wote wakaitikia kwa kichwa, hata pasta. Mtu alikuwa ameshaanza kutafuta viatu vya mdogo.

Nilisimama. Nikawaambia: "Fungueni hilo dirisha. Waiteni watoto wote waingie, na huyo mdogo abebwe. Waambieni guka amekufa, mtumie neno hilo hilo, na wakiuliza, mjibu mpaka wamalize. Hakuna mtu atakayeonja chai katika nyumba hii kabla hawajajua."